Mwanaisha, Kagua Ukurasa wa Marejeo

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nitakupa kesho alfajiri kwa mdomo wangu, pale stendi, mbele za watu, na nitazipamba kama nijuavyo. Hapa kwenye karatasi naanza na jambo lenyewe. Ukishakaa kwenye kiti chako ndani ya basi, fungua kitabu cha utafiti wako ukurasa wa marejeo, usome jina moja baada ya jingine. Ukimaliza rudi mwanzo, ukisome chote. Usikikabidhi kwa msimamizi wako kabla hujafanya hivyo. Mjomba wako amekigusa.

Najua hapo umeacha kutafuna. Mie tangu alasiri sijatafuna kitu.

Habari za kula kwa wakati, kutopokea soda ya mtu usiyemjua na kufunga dirisha la chumba, sikuandikii. Hizo Bibi yako anazo zote, na atakusomea mpaka dereva apige honi. Mie nakuandikia hili moja. Na nakuandikia badala ya kukwambia kwa sababu mdomo wangu siuamini, na hapa duniani hakuna anayeujua kuliko wewe. Nikianza kulisema, kabla sijafika katikati nitakuwa mimi ndiye niliyeuokoa utafiti wako kwenye moto, na moto wenyewe utakuwa umeanzia bandarini. Kalamu inanibana. Kila nikitaka kuongeza, mkono unachoka.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu? Mama yako, dada yangu, alikuwa ameolewa Mombasa, akakuacha hapa Pongwe ukiwa darasa la pili, meno ya mbele huna, umebeba mfuko wa nailoni. Jioni ile nilitaka kukufurahisha. Nikakusimulia chui wa msitu wa Amani, yule aliyepanga foleni nyuma yangu kwenye kibanda cha chai, akangoja zamu yake bila kumsukuma mtu, na mwenye kibanda akampa maandazi. Watoto wote niliowasimulia kisa kile walifunika macho. Wewe ulinitazama tu, ukauliza, "Mjomba, umemwona au umeambiwa?"

Bibi yako alicheka mpaka akashika ukuta. "Rajabu," akasema, "leo umeletewa hakimu."

Nilisema chai imepoa, nikaenda kuipasha.

Tangu siku ile hukuniacha. Nikisema hili, umeona au umeambiwa. Nikisema lile, nani kakwambia, Mjomba, na yeye kaambiwa na nani. Mie nilidhani ni utoto, utakua utaacha. Leo ndiyo nimejua kwamba hukuacha. Umekwenda na swali lile mpaka chuo kikuu, na huko wamelitengenezea kanuni, lina mabano na koma na mwaka, na mtu asipolifuata anarudishwa nyumbani.

Sasa nakueleza lilivyokuwa.

Jana ulinipa flashi pale dukani. Nakumbuka kila neno.

"Mjomba, nakala tatu, jalada gumu la bluu. Usibadilishe kitu."

"Hata nukta?"

"Hata nukta. Nakuomba."

"Mwanangu, hii steshenari unaiona ndogo, lakini mie nimeprinti tafiti za watu ambao leo ukitaka kuwaona unaandikisha jina getini."

"Ndiyo maana nakuomba, Mjomba," ukasema, ukaenda zako Ushongo kuwaaga shangazi zako.

Nia yangu ilikuwa safi. Asubuhi ya leo nimefungua duka mapema, nimeifuta mashine, nimeweka rimu mpya, nimesema Bismillahi. Zile kurasa za mwanzo zenye namba za kirumi huwa nazitoa bila kuzisoma kwa kila mteja, naziona za sherehe tu. Nikaanza kutoa kurasa za ndani, na kwa kuwa ni kazi ya mwanangu, nikawa nasoma kila ukurasa unaotoka ungali na joto. Majina ya miti ya msituni wanayoyatumia wakulima wa iliki kandokando ya Amani, mti upi kivuli chake chafaa na upi hukausha, na mkulima anauitaje. Nikasema, mtoto huyu kaandika. Nikamwita yule fundi baiskeli wa jirani aje asikie. Nilimsomea ukurasa mzima kwa sauti, akaniambia ana pancha inamngoja.

Halafu nikafika pahali palipoandikwa: kwa mujibu wa Kombo, halafu mabano, halafu mwaka.

Nikajiuliza, Kombo yupi? Ninayemjua ni yule muuza mkaa wa njia ya Muheza, na yeye mti wote kwake ni kuni. Nikasoma tena. Huyo Kombo alilima iliki utotoni milimani, kisha akahamia Pongwe alipoolewa. Mwanaisha, nilishika meza. Kombo ni Bibi yako. Mamangu mzazi, Bi Mwanajuma binti Kombo, ambaye mie na mvi zangu hizi sijapata kumtaja jina mbele za watu, umemwita kwa jina la baba yake, peke yake, kama mtu anayeita mtoto akachote maji.

Nikaenda mbele. Shemdoe anadai. Shemdoe huyo ni Mzee Yohana Shemdoe, mzee wa kanisa kule juu, ambaye nikikutana naye navua kofia yangu nami si wa dini yake. Shemdoe anadai. Shemdoe anakanusha. Shemdoe, halafu nukta mbili. Nilibaki nimeduwaa, karatasi zinatoka kwenye mashine zinaanguka chini na sizioni. Nilisema moyoni, basi wasomi ndivyo wanavyofanyiwa, wanapewa digrii kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili wananyang'anywa adabu. Kisha nikakuonea huruma. Nikasema, hapana, mwanangu kalelewa. Ni haraka ya safari tu. Kasahau vyeo.

Nikaketi nikakurekebishia.

Vidole hivi unavijua. Kila palipokuwa na Kombo nikatia Bibi mbele. Kila Shemdoe akawa Mzee Shemdoe. Wale waandishi wa vitabu ambao siwajui, nikawapa Mheshimiwa, kwa tahadhari, maana mtu aliyeandika kitabu huwezi kujua anamjua nani. Nikafika kwenye orodha ya marejeo mwishoni, nikaona umewapanga kwa herufi, A mpaka Z, kijana wa juzi yuko juu na mtu mzima yuko chini kwa sababu tu jina lake linaanza na W. Hilo nalo likaniuma. Arusini tunawaketisha watu kwa herufi? Nikawapanga upya. Bibi yako wa kwanza, Mzee Yohana wa pili, kisha wenye vitabu vya zamani, kisha wa sasa, vijana mwisho kabisa karibu na mlango.

Na wale wenye miaka ya zamani sana kwenye mabano, nikafikiri, mtu aliyeandika kitabu mwaka kama ule, na alipokiandika alikuwa mtu mzima, leo atakuwa bado yupo kweli? Nikawaandikia Marehemu. Mmoja nikamwongezea Mungu amrehemu.

Usicheke, kama unacheka. Kama unalia, nivumilie, bado.

Nilipomaliza kupanga nikaisoma orodha ile kuanzia juu hadi chini, imependeza kama ukumbi. Nikaisoma tena, kwa sababu kulikuwa na jina nalitafuta. Halikuwemo. Nikatafuta kwenye M, kisha nikakumbuka M nimeivuruga mwenyewe, nikasoma moja moja. Mhina, mjomba wako, hayumo. Ulikaa nami kibarazani siku ngapi na simu yako imewashwa, ukanirekodi, ukaitikia ehe, ehe, na mimi nikakueleza miti yote ya Amani kwa mizizi yake. Mpishi wa chai kwenye shamba la mkonge umemweka. Mimi, niliyekulea, sikuwekwa.

Nilihisi kama mtu kanivua kanzu sokoni.

Kuna jambo lazima nikueleze hapa, na wewe utaona lina uzito gani, mie mwenyewe silijui. Kile kisa cha mtaalamu wa miti, yule mgeni mwenye ndevu niliyemwongoza Amani nilipokuwa kijana, umekisikia mpaka unakijua. Mto umefurika, mgeni hawezi kuvuka, mimi nikambeba mgongoni maji yananifika kifuani, mamba mmoja akatupisha. Ng'ambo akalia machozi, akaniandika jina langu kwenye daftari lake, akasema, Rajabu, utakuwa kitabuni. Hilo la mwisho ni kweli. Aliniandika, niliona akiandika, alinitaka nimtajie herufi za Mhina. Na mimi maisha yangu yote, Mwanaisha, mteja akileta kitabu chochote cha miti nimtolee kopi, huwa nakifungua nyuma kwanza. Sijawahi kukuambia. Natafuta kwenye M. Miaka yote hii, nyuma ya vitabu vya watu.

Kwa hiyo leo nilipofungua nyuma ya kitabu chako nami sipo, ukweli ni kwamba sikufikiri. Niliandika. Nikajiweka juu, chini ya Bibi yako tu. Mhina, Mzee Rajabu, Mtaalamu wa Misitu, Pongwe. Na kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwa wateja kwamba jina la nyuma lazima liwe na kazi huko mbele, nikarudi ndani ya kitabu, nikatafuta pahali penye nafasi, nikatia sentensi. Kwamba iliki ikipandwa chini ya mkuyu huzaa maradufu na hutoa harufu usiku. Mzee Mhina, mabano, mwaka.

Nikasevu juu ya faili lako. Nikaprinti. Nikapeleka kwa mpiga jalada, nakala tatu, bluu, maandishi ya dhahabu. Zimerudi adhuhuri. Nikaziweka juu ya kaunta kila anayeingia azione.

Aliyeingia ni Mwalimu Agnes.

Unamjua, yule wa sekondari, mtu wa Lushoto, aliyekwenda kusoma digrii ya pili akarudi. Alikuja kutoa kopi za mitihani.

"Shikamoo, Mzee Rajabu."

"Marahaba, mwalimu. Kabla ya yote, tazama kazi ya mwanangu."

Akakichukua kwa mikono miwili, akatabasamu, akakifungua kule nyuma. Wasomi wote kumbe hufungua nyuma. Akasoma. Tabasamu likabaki usoni lakini lenyewe lilikuwa limeshaondoka.

"Mzee Rajabu, Mwanaisha ndiye kaandika hivi?"

"Kaandika yeye. Mie nimenyoosha."

"Umenyoosha wapi?"

"Adabu. Alikuwa kawaacha watu uchi."

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Huyu hapa umemwandika marehemu."

"Mwaka wake tazama, mwalimu."

"Baba, huyu alinifundisha mimi. Mwezi uliopita kanitumia picha ya mjukuu wake."

Nilicheka. Nakwambia kweli, nilicheka, nikijua anatania. Nikamtazama, yeye hacheki. Nikasema, basi huyo mmoja tutamfufua, wengine?

"Wengine sijui. Na wewe hujui." Akavuta kiti, akaketi upande wangu wa kaunta, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Mzee wangu, nikwambie polepole. Hii orodha si ukumbi wa arusi. Ni njia. Msimamizi akisoma maneno haya, akitaka kujua yametoka wapi, anafuata jina mpaka kwenye orodha, anafuata orodha mpaka kwenye kitabu chenyewe au kwenye rekodi ya sauti. Ndiyo maana wanapangwa kwa herufi, jina linaonekana haraka. Na vyeo vinatolewa ili neno la profesa na neno la mkulima wa iliki yapimwe sawasawa. Bibi kuitwa Kombo pale si kudharauliwa. Amewekwa mstari mmoja na maprofesa."

Mamangu, ambaye shule alipeleka maziwa tu, mstari mmoja na maprofesa. Na mie nilikuwa nimemtoa pale nikamketisha mbele kwenye kiti cha wazee, na nikajiona nimemheshimu. Kwa mara ya kwanza duka lile lilikuwa kimya na mimi nimo ndani.

Akaendelea kufunua. Akafika kwenye mkuyu.

"Na hii ya iliki kunuka usiku?"

"Hiyo ni yangu."

"Iko kwenye rekodi zake?"

"Itakuwepo. Nilizungumza mengi."

"Mzee Rajabu, umeiona au ulisikia?"

Mwanaisha, nilitazama mlangoni nikidhani ni wewe umeingia.

Nikamwambia sikuiona. Na kuisikia pia, nikikumbuka vizuri, sikuisikia. Ilikuja tu, mkono ukiwa kwenye mashine, kama zinavyokujaga.

Mwalimu hakunifokea. Ningependa angefoka. Akaniambia chuoni wana neno kwa jambo hilo, neno la data ya kubuni, na mwanafunzi akipatikana nalo haulizwi ni mjomba gani aliyeitia. Kosa la koma wanarudisha. Kosa hili wanafunga jalada. Nikakaa chini pale pale kwenye katoni la karatasi. Kumbe nilikuwa nimekuwekea jiwe kwenye begi na kulifunga kwa herufi za dhahabu.

"Huyo msimamizi wake ni mkali?" akauliza.

Hapo ndipo nikakumbuka ile rasimu ya kwanza, ile uliyorudi nayo kutoka chuoni, iko chini ya kaunta ulikoiweka mwezi uliopita, sijawahi kuifunua. Tukaifunua pamoja. Wino mwekundu umejaa kama nzi. Pembeni ya Bibi Kombo, ondoa cheo. Pembeni ya Mzee Shemdoe, ondoa cheo. Panga kwa alfabeti. Kumbe hukusahau adabu hata kidogo. Uliwaandika wote kwa heshima zao kama ulivyolelewa, ukarudishwa. Na mwisho wa ukurasa msimamizi kaandika kwa mkono wake kwamba hii ni mara ya mwisho, ikija na kasoro ile ile utangoja mwaka ujao, wenzako wakihitimu. Na ile nafasi yako ya Mwanza ya msaidizi wa utafiti, uliyotuambia siku ile tukachinja kuku, haitangoja mwaka ujao.

Ulikuwa umekuja nayo nyumbani siku zote hizo, ukakaa nayo, ukala nasi, na hukusema. Uliniambia tu, hata nukta, Mjomba. Nami nikakwambia habari za watu wa getini.

Mwalimu akaacha kopi zake za mitihani, akasema atazichukua Jumatatu, akaondoka. Nikafunga duka jua likiwa bado juu. Fundi baiskeli akaniuliza nani kafariki. Nikamwambia, bado hatujui ni wangapi.

Majalada nimeyachana yote matatu. Nikafungua faili, na nikakumbuka ile amri ya kompyuta ya kutafuta neno na kulifuta kila lilipo. Kwa hiyo nikaiambia, Mzee, futa. Bibi, futa. Mheshimiwa, futa. Marehemu, futa. Mungu amrehemu, futa. Ilifuta kwa pumzi moja. Nikaona raha ya kwanza tangu adhuhuri. Orodha nikaipanga upya kwa herufi nikiwa na ile rasimu yako mkononi, nikifuata wino mwekundu. Sentensi ya mkuyu nikaing'oa. Jina langu nikalitoa kwa kidole hiki hiki, herufi moja moja, kuanzia nyuma.

Halafu, kwa kuwa sasa nimekuwa mwoga, nikasema leo nasoma hata zile namba za kirumi. Nikakuta ukurasa wa shukrani.

Ulikuwa umevunjika. Amri ile haikuchagua. Pameandikwa, namshukuru yangu Mwanajuma Kombo. Yangu nini? Namshukuru Yohana Shemdoe, peke yake, kama kijana wa bodaboda. Nikachukua rasimu kutazama ulivyokuwa umeandika.

Wote walikuwepo, na vyeo vyao vyote. Bibi yangu. Mzee Yohana. Mpaka yule mpishi wa chai, umemwandika Mama. Na huko msimamizi hakutia wino hata chembe. Kumbe heshima haikufukuzwa kitabuni, ina ukurasa wake, wa mbele kabisa, na mie nilikwenda moja kwa moja nyuma kujitafuta.

Na wa mwisho, mstari wa chini, umeandika: Kwa Mzee Rajabu Mhina, mjomba wangu, aliyenisimulia mengi kuliko watu wote, nikajifunza kuuliza.

Hujawahi kuniita Mzee. Mdomoni mwako mie ni Mjomba tu, na nilikuwa sijui kwamba nalingoja lile jingine. Nilisoma nikasimama, nikasoma tena nikiwa nimesimama. Kitabu kina jina langu. Miaka yote nikifungua vitabu vya watu nyuma, na hiki changu kilikuwa chini ya kaunta yangu, mwezi mzima, nimekiwekea kikombe cha chai juu. Duara la kikombe liko pale, utaliona.

Basi ikabidi nivirudishe vyeo kwa mkono. Nikaandika Bibi, mahali pake. Nikaandika Mzee mbele ya Yohana. Nikafika kwangu, nikaandika Mzee mbele ya Rajabu Mhina, vidole vinakataa. Na hapo shetani wa maneno alikuja, simfichi. Palikuwa na nafasi mstari mzima. Ningeweza kutia mpendwa. Ningeweza kutia mtaalamu. Ningeweza kuitoa ile nikajifunza kuuliza, ambayo mtu mwenye akili akiisoma atajua umesema nini. Nilikitazama kile kidude kinachowakawaka kwenye kioo mpaka macho yakaniuma. Nikaacha kama ulivyoandika. Nukta yako ipo.

Nakala tatu mpya ziko ndani ya begi lako, zimefungwa gazeti. Mpiga jalada alinifungulia nyumbani kwake, nimemwahidi nitamsimulia habari ya leo siku nyingine, akasema ndiyo hofu yake. Flashi iko mfuko wa pembeni. Lakini nilichokigusa mara mbili siwezi kukiapia. Huenda kuna Mheshimiwa kajificha mahali, huenda kuna pahali palipokuwa na neno lako na amri ile imelila. Mwalimu Agnes amesema utakuwa na usiku mmoja chuoni kabla ya kukabidhi, na kule kuna pa kuprinti. Soma wewe. Kila mstari ukiufikia uulize kama ulivyokuwa ukiniuliza. Ukikuta wangu umebaki, ufute bila kunionea haya. Na baada ya kusoma ukitaka kunipigia simu unigombeze, piga, nitanyamaza mpaka umalize. Ukitaka kungoja mpaka hasira ishuke, ngoja.

Nimalizie na mambo mawili, maana usiku umekwenda na Bibi yako anakohoa ili nijue kwamba hajalala.

Yule mgeni wa Amani sikumbeba. Nilibeba viatu vyake. Maji yalifika magotini, akavuka mwenyewe akicheka. Mamba sikumwona, mto ule sijui kama una mamba.

Na lile swali la siku ile, ulipokuwa darasa la pili, nikakimbilia kupasha chai. Yule chui niliambiwa. Aliyeniambia ni baba yangu, marehemu Mhina, na huyo kweli ni marehemu, nilimzika mimi. Yeye kama alimwona au aliambiwa, sikumuuliza.

Mjomba wako,
Mhina, R.